Kirusi cha Darasani na Kirusi cha Mstarini: Mwaka wa Maandalizi mjini Moscow

Tarehe 5 Februari 1960 serikali ya Umoja wa Kisovieti ilianzisha mjini Moscow chuo kikuu kipya kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Februari 1961, chuo hicho kilipewa jina la Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari mwaka huo karibu na Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Jina hilo liliondolewa mwaka 1992, baada ya kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti, likarudishwa mwaka 2023. Wakongomani wengi hukijua chuo hicho kwa jina lake tu. Makala haya yanahusu jambo ambalo kila kijana aliyepelekwa huko alikutana nalo kabla ya siasa na kabla ya shahada, nalo ni lugha.

Utaratibu ulikuwa huu, na kwa sehemu kubwa ndio ulio hadi leo. Mwanafunzi asiyejua Kirusi hupokewa kwanza katika kitivo cha maandalizi, ambacho wanafunzi wenyewe hukiita kwa kifupi «podfak». Humo hukaa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa au kumi. Mwishoni hufanya mtihani. Akifaulu, mwaka unaofuata huketi katika ukumbi mmoja na Warusi na kusikiliza mihadhara ya anatomia, ya sheria au ya uhandisi, bila mkalimani. Asipofaulu, safari yake yaweza kukoma hapo. Kijana Mkongomani aliyefundishwa Kifaransa tangu shule ya msingi, ambaye baada ya miaka kumi na miwili bado husita kukiandika, hutakiwa afanye kwa miezi kumi jambo ambalo shule haikulikamilisha kwa miaka yote hiyo. Tena hutakiwa alifanye katika lugha isiyo na undugu wa karibu na lugha yoyote aliyokwisha kuisikia.

Yafaa basi kuuliza lilifanyikaje, kwa maana lilifanyika: tangu mwaka 1960 vijana wengi wa Afrika wamepita njia hiyo, si Moscow tu bali pia Leningrad, Kiev, Voronezh, Tashkent na miji mingine. Jibu la kawaida ni kuwasifu walimu na vitabu, nao wanastahili sifa. Kitabu cha Serafima Khavronina, mwalimu wa chuo hicho cha Lumumba, kiitwacho «Govorite po-russki», kimefundisha watu wa mataifa mengi kuzungumza juu ya jamaa, mji, duka na chakula. Lakini darasa hutoa kanuni, na kanuni peke yake haisemi. Lugha yenyewe ilipatikana mstarini mbele ya duka, katika kantini, ndani ya treni za chini ya ardhi na katika ujia wa bweni saa tano za usiku. Aidha, msemaji wa Kiswahili hakufika huko mikono mitupu. Alikuwa na sarufi kichwani ambayo ingemsaidia zaidi kuliko Kifaransa chake, ingawa mara nyingi hakuna aliyemwambia hivyo.

Herufi na sauti

Juma la kwanza ni la alfabeti. Herufi za Kirusi ni 33, na zinazosumbua si zile ngeni, bali zile zinazojifanya za kawaida. Herufi iliyo na umbo la P husomwa r, yenye umbo la H husomwa n, yenye umbo la C husomwa s, na yenye umbo la B husomwa v. Mgeni apitaye mbele ya mkahawa huona juu ya mlango neno PECTOPAH, naye hulisoma kwa Kilatini na kushangaa. Kumbe ni «restoran», neno alilokuja nalo kutoka nyumbani kwa njia ya Kifaransa. Baada ya herufi za chapa huja za mkono, na hapo kazi huanza upya, kwa kuwa t ya mkono hufanana na m ya Kilatini, d hufanana na g, na i hufanana na u. Ubao wa mwalimu husomeka. Daftari la rafiki Mrusi halisomeki mpaka baada ya miezi.

Sauti ni taabu ya aina nyingine. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika popote zinapotokea, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kirusi mkazo huhamahama, na irabu isiyo na mkazo hufifia: huandikwa «moloko» (maziwa) na husikika malako, huandikwa «khorosho» (vema) na husikika kharasho. Mkazo ukikosewa, maana hugeuka. Neno «plachú», lenye mkazo mwishoni, ni nalipa. «Pláchu», lenye mkazo mwanzoni, ni nalia. Mwanafunzi anayemwambia mwuzaji kwa sauti ya uhakika kwamba analia huku akitoa noti mfukoni hulijua somo la mkazo siku hiyo, wala halisahau.

Tena kuna konsonanti laini na ngumu. «Brat» ni ndugu wa kiume, na «brat'», ambayo t yake ni laini, ni kuchukua. Kwa sikio la Kifaransa tofauti hiyo ni kama haipo. Msemaji wa Kiswahili anayo jozi moja ya namna hiyo tayari, n ya nane na ny ya nyanya. Akionyeshwa kwamba Warusi wamefanya jambo hilohilo kwa karibu konsonanti zao zote, huanza kusikia. Kinachobaki kuwa kigumu ni mafungu ya konsonanti. Salamu ya kwanza anayofundishwa mgeni ni «zdravstvuyte», na ulimi uliozoea silabi wazi huipachika irabu kila pengo: zidarasuvuite. Mwalimu hucheka, hurudia, naye mwanafunzi hurudia, mpaka siku moja neno hilo linatoka lenyewe mbele ya mlinzi wa bweni.

Upatanisho na uhusika

Sarufi ya Kirusi hutisha kwa sababu nomino hubadili mwisho wake kufuatana na kazi yake katika sentensi. Jambo hilo ndilo wanaisimu huita uhusika, na Kirusi kina uhusika wa aina sita. Kitabu ni «kniga». Nasoma kitabu, «knigu». Hakuna kitabu, «net knigi». Pamoja na kitabu, «s knigoy». Ndani ya kitabu, «v knige». Kwa aliyejifunza lugha kwa Kifaransa, ambacho nomino zake hazina mabadiliko hayo, huo ni msitu.

Hata hivyo, itazamwe sentensi moja tu: «moya novaya kniga upala». Maana yake ni kitabu changu kipya kimeanguka. Katika Kirusi sauti -a hurudi mwishoni mwa kila neno, pamoja na kitenzi. Katika Kiswahili sauti ki-, au ndugu yake ch-, hurudi mwanzoni mwa kila neno baada ya nomino, pamoja na kitenzi. Ni mwangwi mmoja, huku mbele na kule nyuma. Msemaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kwamba nomino ni mkubwa wa nyumba na maneno mengine yote huvaa sare yake. Kirusi kina jinsi tatu tu, kiume, kike na kati; Kiswahili kina ngeli zaidi ya hizo mara kadhaa. Mtu aliyekua na ki-, vi-, m-, mi-, ma- na u- hana sababu ya kuogopa -a na -o. Hata sentensi isiyo na kitenzi, «ya student», ambayo humfanya msemaji wa Kifaransa atafute kitenzi kilichopotea, haimshangazi anayesema Mimi mwanafunzi na kueleweka.

Ni jambo la kusikitisha kwamba msaada huo ulitumika mara chache, kwani uhusiano wa Kiswahili na Kirusi katika vitabu ni wa siku nyingi. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyosimamiwa na D. A. Olderogge ilichapishwa mwaka 1961, na sarufi ya Kiswahili iliyoandikwa na E. N. Myachina ilitoka katika miaka hiyohiyo. Vitabu hivyo, lakini, viliandikwa kwa ajili ya Warusi waliotaka kujifunza Kiswahili. Aliyekuja kutoka upande wa pili alipewa maelezo kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, au hakupewa maelezo kabisa ila picha na ishara. Mtanzania, Mkenya, Mrundi na Mkongomani waliokutana jikoni mwa bweni walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, na pengine huko ndiko maelezo mazuri ya sarufi ya Kirusi kwa Kiswahili yalikotolewa, bila kuandikwa.

Duka, kantini na bweni

Katika enzi ya Kisovieti kununua jibini kulidai mistari mitatu. Mteja alipanga mstari wa kwanza ili achague na kujua bei. Akapanga wa pili mbele ya mtunza fedha, akamtajia bei na sehemu ya duka, akalipa na kupewa risiti. Kisha akarudi katika mstari wa tatu kutoa risiti na kupokea jibini. Utaratibu huo uliwachosha Warusi wenyewe. Kwa mwanafunzi wa lugha ulikuwa mtihani wa kila siku. Kwanza alipaswa kuuliza, «Kto posledniy?», yaani nani wa mwisho? Aliyekuwa wa mwisho alijitambulisha, naye mgeni akasema, «Ya za vami», mimi niko nyuma yako. Humo ndimo wengi walimojifunza uhusika ambao darasani waliuandika kwa majuma bila kuuelewa, kwani asiyesema «za vami» hakuwa na nafasi mstarini.

Kwa mtunza fedha zilihitajika hesabu. Rubli moja ni «odin rubl'», rubli mbili «dva rublya», rubli tano «pyat' rubley». Nomino hubadilika kufuatana na tarakimu inayoitangulia, na tarakimu zenyewe zina uhusika wao. Hakuna sura ya sarufi inayochosha kuliko hiyo. Lakini mwanafunzi wa kigeni aliyepokea posho ya rubli 90 kwa mwezi alikuwa na sababu nzuri ya kuzihesabu, tena kwa sauti, mbele ya watu kumi waliokuwa nyuma yake na haraka zao.

Kantini nayo ilikuwa na sarufi yake. Chakula huitwa kwa nambari: «pervoye», cha kwanza, ni supu, «vtoroye», cha pili, ni nyama au samaki pamoja na kitu cha kushibisha, «tretye», cha tatu, ni kinywaji, mara nyingi maji ya matunda yaliyochemshwa. Tangu mwaka 1976 Alhamisi ilikuwa siku ya samaki katika kantini za umma, na Mkongomani aliyekulia kando ya ziwa Tanganyika hakulalamika. Nafaka nyeusi iitwayo «grechka», uji mzito, mkate mweusi mchachu na maziwa ya kuganda vilihitaji muda zaidi. Bukari haikuwepo. Mbadala uliopatikana ni unga wa ngano wa chembechembe uitwao «manka», ambao Warusi huwapikia watoto uji. Waafrika waliusonga juu ya jiko la bweni mpaka ukasimama. Ili kuupata ilibidi kusema dukani, «Dayte, pozhaluysta, pachku manki», nipe tafadhali pakiti moja ya manka, na hapo uhusika mwingine ulikaa mahali pake kwa nguvu ya njaa.

Bweni lilikuwa shule kubwa kuliko zote. Katika chuo cha Lumumba ilikuwa desturi kuwachanganya watu wa nchi mbalimbali katika chumba kimoja, na Mrusi miongoni mwao, ili Kirusi kiwe lugha pekee wanayoweza kugombania zamu ya kufagia. Desturi hiyo ilikuwa na macho yake ya kisiasa, bila shaka, lakini kwa upande wa lugha ilikuwa ya busara. Mlangoni aliketi mlinzi, mara nyingi mama wa makamo, aliyetaka kuona kibali, «propusk», hata kwa kijana aliyepita mbele yake mara nne siku hiyo. Hapo mgeni alijifunza adabu. Kwa mazoea ya Kongo, mwanamke wa umri huo huitwa mama, basi. Huko kumwita mama mtu asiyekuzaa ni jambo la ajabu. Aliitwa kwa jina lake na jina la baba yake, kama vile Anna Ivanovna, Anna binti Ivan, na aliyelishika jina hilo la pili vizuri alifunguliwa mlango hata akichelewa. Muuzaji wa duka, kinyume chake, huitwa «devushka», msichana, hata akiwa na wajukuu. Wala hakuna anayemsalimu jirani kwa salamu ndefu ndani ya lifti. Mgeni aliyeuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi alitazamwa kwa wasiwasi.

Kwenda na kufika

Kiswahili kina kitenzi kwenda. Kirusi kinataka kujua kwanza kama mtu anakwenda kwa miguu au kwa chombo. Pili, kama anakwenda sasa upande mmoja au huenda na kurudi mara kwa mara. «Idu» ni nakwenda sasa kwa miguu, «khozhu» ni huenda kwa miguu. «Edu» ni nakwenda sasa kwa chombo, «ezzhu» ni huenda kwa chombo. Jozi za namna hiyo, za kukimbia, kuruka, kubeba na kadhalika, ni kama 14, na kila moja huongezewa viambishi awali vinavyogeuza maana. Hapa tena Kiswahili hakiko mbali: funga, fungia, fungika, fungisha, fungana; tofauti ni kwamba Kiswahili huongeza nyuma na Kirusi huongeza mbele.

Faida ya viambishi hivyo ilionekana mbele ya mlango wa ofisi. Mwanafunzi amekuja kumwona mkuu wa kitivo. Karani anamjibu kwa neno moja. Akisema «vyshel», mkuu ametoka kidogo, na yafaa kusubiri. Akisema «ushyol», ameondoka, na ni bora kurudi kesho. Akisema «uyekhal», ameondoka kwa chombo, labda yuko mji mwingine, na kesho pia ni bure. Asiyesikia tofauti ya silabi hizo alikaa kwenye benchi mpaka jioni.

Vyombo vyenyewe vilifundisha. Nauli ya treni za chini ya ardhi ilikuwa kopeki 5 tangu mwaka 1961 hadi mwaka 1991, na kwa kopeki hizo mgeni alipata pia mwalimu wa matamshi. Katika kila kituo sauti hutangaza, «Ostorozhno, dveri zakryvayutsya», tahadhari, milango inajifunga. Kisha hutaja kituo kinachofuata. Chuo kiko kusini-magharibi mwa mji, kati ya vituo vya Yugo-Zapadnaya, kilichofunguliwa mwaka 1963, na Belyaevo, kilichofunguliwa mwaka 1974. Aliyekwenda katikati ya mji na kurudi alisikia sentensi ileile mara ishirini na zaidi, kwa matamshi safi. Msikivu aligundua jambo jingine: treni inayokwenda katikati ya mji hutangaziwa na mwanamume, inayotoka katikati hutangaziwa na mwanamke. Aliyepotea aliweza kujua uelekeo wake kwa jinsi ya sauti tu, kabla hajafahamu neno hata moja.

Kufanya mtihani na kufaulu mtihani

Hakuna sehemu ya Kirusi iliyojadiliwa na wanaisimu kuliko hali ya kitenzi. Karibu kila tendo lina vitenzi viwili, kimoja cha tendo linaloendelea au linalotajwa tu, na kingine cha tendo lililofika mwisho wake. «Chital knigu»: alikuwa akisoma kitabu, au aliwahi kukisoma. «Prochital knigu»: amekisoma chote. Msemaji wa Kiswahili anayetofautisha alikuwa akisoma na amekisoma ana mahali pa kuanzia, ingawa mipaka hailingani.

Uzito wa jambo hili ulijulikana mwezi Juni. «Sdaval ekzamen» ni alifanya mtihani. «Sdal ekzamen» ni alifaulu mtihani. Tofauti ni silabi moja, na juu ya silabi hiyo husimama ufadhili wa masomo, matumaini ya wazazi na pengine ng'ombe waliouzwa kwa ajili ya tiketi. Mwanafunzi aliyeulizwa na wenzake ujiani akajibu «sdaval» alinyamaziwa kwa huruma. Kila mtu alielewa kwamba angekuwa amefaulu angetumia neno lile fupi.

Mtihani wenyewe hauhusu jibini na mkate. Tangu muhula wa pili mwanafunzi huingizwa katika lugha ya sayansi, yenye miundo michache inayorudiwa: kitu fulani huitwa jina fulani, kitu fulani kina sehemu fulani. «Voda sostoit iz vodoroda i kisloroda», maji yana haidrojeni na oksijeni. Msomaji wa jarida hili atavutwa na maneno mawili ya mwisho. «Vodorod» limeundwa kutokana na «voda», maji, na mzizi «rod», kuzaa. «Kislorod» limeundwa kutokana na «kisly», chachu, na mzizi uleule. Yaani kizaa-maji na kizaa-uchachu, kama maana ya Kigiriki ilivyo, lakini kwa maneno ambayo hata mtoto wa Kirusi huyatambua. Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba kemia wangefanya vema kumwuliza daktari Mkongomani aliyeisoma kemia kwa Kirusi kama maneno hayo yalimchelewesha au yalimharakisha. Leo kiwango kinachotakiwa kwa kuingia chuo kikuu huitwa daraja la kwanza la cheti, na msamiati wake wa chini ni maneno kama 2300. Mengi ya maneno hayo ni ya nyumbani na ya njiani.

Maneno yasiyofundishwa

Ingekuwa udanganyifu kueleza mstari na kantini na kunyamaza juu ya barabara. Matusi hayamo kitabuni, lakini ni miongoni mwa maneno ya kwanza kueleweka. Tarehe 18 Desemba 1963 wanafunzi wa Afrika kwa mamia waliandamana hadi Uwanja Mwekundu mjini Moscow, baada ya kifo cha mwanafunzi wa Ghana Edmund Assare-Addo. Serikali ilisema alikufa kwa baridi, wenzake waliamini ameuawa. Katika miaka ya 2000 magenge ya vijana wenye chuki ya rangi yalishambulia wageni mjini Moscow, Saint Petersburg na Voronezh, na vyuo kadhaa viliwashauri wanafunzi wa kigeni wasitoke bwenini tarehe 20 Aprili, siku ya kuzaliwa kwa Hitler, ambayo magenge hayo huiadhimisha. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo kuelewa kinachosemwa nyuma yake ndani ya gari si zoezi la kusikiliza.

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 2003 moto uliteketeza bweni la wageni wapya wa chuo hicho, katika barabara ya Miklukho-Maklaya. Walikufa vijana zaidi ya 40. Wengi wao walikuwa wamefika karibuni, wakisubiri kumaliza vipimo vya afya kabla ya kuanza masomo. Yaani walikuwa katika siku zile ambazo mtu bado anasoma kibao cha mlangoni herufi moja moja.

Baada ya mwaka 1991 maisha ya kila siku yalibadilika. Bei zilipofunguliwa Januari 1992 posho ikapoteza thamani yake, na wanafunzi wengi wakawa wachuuzi ili waishi; Kirusi chao kikawa cha sokoni, chepesi na chenye makosa, lakini chenye ujasiri. Siku hizi mistari mitatu imekwisha. Mteja huchukua bidhaa mwenyewe na kulipa bila kufungua kinywa. Barua iliyochukua majuma mpaka Bukavu, na chumba cha simu kilichokodiwa kwa dakika, vimeachia nafasi simu ya mkononi. Badala ya mstari wa duka kuna karatasi: kadi ya uhamiaji, usajili wa makazi, bima ya afya, kila moja na msamiati wake, na anayekosea tarehe hulipa faini. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi humo, hivyo hata kupokea fedha kutoka kwa wazazi kumekuwa somo.

Upweke umepungua, na hilo ni jema. Lakini kijana anayezungumza Kiswahili na jamaa zake kila usiku, na ambaye simu humtafsiria kila kibao, hupata nafasi chache za kusema «ya za vami». Walimu humwongezea saa za darasani, na saa za darasani hufundisha kusoma. Mrusi wa chumbani, ikiwa bado wanawekwa pamoja, ndiye aliyebaki kumfundisha kwa nini amesema «sdaval» na hakusema «sdal».